Sayyid Said, mtawala aliyesifiwa merikebu zake na kila mgeni

Tarehe 30 Aprili 1840 watu wa New York, Marekani, waliona merikebu ikiingia bandarini mwao ikipeperusha bendera nyekundu tupu, isiyo na nyota wala mstari. Mabaharia wake walikuwa na vilemba vichwani. Ndani mlikuwa na tende, mazulia ya Uajemi, kahawa ya Mocha, karafuu, sandarusi, ngozi za ng'ombe na pembe za ndovu 108. Habari zilienea mjini, watu wakamiminika gatini wakubwa kwa wadogo kuja kuitazama. Merikebu ya Waarabu ilikuwa haijapata kufika katika nchi ile.

Jina lake ilikuwa Sultana. Ilikuwa imeng'oa nanga Zanzibar tarehe 11 Februari, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapumzika St Helena, kisha ikavuka Atlantiki. Mjumbe aliyekuja nayo, Ahmad bin Naaman, alikaribishwa na wakubwa wa mji, akatembezwa, akapandishwa gari la moshi, na mchoraji Edward Mooney akamchora picha ambayo ipo hadi leo.

Mwenye merikebu mwenyewe hakuwamo. Huyo alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na wakati huo alikuwa na umri unaokaribia miaka 49.

Ndugu msomaji, sisi tuliosoma ukimbizini Tanzania tulikaririshwa mambo mawili juu ya mtu huyu. La kwanza, alileta kilimo cha karafuu. La pili, alihamisha makao yake kutoka Muscat kwenda Zanzibar mwaka 1840. Ukiyaandika hayo mawili kwenye mtihani ulipata alama zako ukaenda nyumbani. Nami niliporejea na kuanza kufundisha huku kwetu niliyarudia vilevile, mpaka siku mwanafunzi mmoja aliponiuliza mtu wa nchi ya jangwa na mawe alivukaje bahari na jeshi zima hata akaja kuitawala Mombasa. Swali lile lilinirudisha vitabuni. Jibu ni merikebu, na kila nilipozidi kusoma juu ya merikebu hizo ndivyo nilivyozidi kumwelewa mwenyewe.

Mtoto wa aliyefia baharini

Said alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, bara ya Oman. Baba yake, Sultan bin Ahmad, ndiye aliyekuwa akitawala Muscat. Mwezi Novemba 1804 baba huyo alikuwa akirudi kutoka Basra kwa njia ya bahari. Karibu na Lingeh akaiacha manowari yake kubwa na kuhamia chombo kidogo. Usiku huo adui zake wakamkuta, wakapigana, naye akauawa kwa risasi. Kijana Said alikuwa na miaka 13. Wasimuliaji wa mambo ya Oman hawaachi kutaja jambo hilo la kuhama kutoka chombo kikubwa kwenda kidogo, na mimi naona si ajabu kwamba mtoto wake alikuja kuwa mtu wa kutaka vyombo vikubwa maisha yake yote.

Baada ya hapo binamu yao, Badr bin Saif, alijifanya mlezi wa watoto wa marehemu, akakalia kiti. Mwaka 1806 Said alimwua Badr huko Barka, na nyuma ya jambo hilo alikuwapo shangazi yake, Bibi Moza binti Ahmad, mwanamke aliyekuwa na akili ya siasa kuliko wanaume wengi wa wakati wake. Hivyo Said akawa mtawala akiwa bado kijana wa miaka 15. Alitawala pamoja na ndugu yake Salim kwa jina, hadi Salim alipofariki mwaka 1821, lakini mwenye amri alikuwa yeye.

Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya vita bila kupumzika. Huku Mawahabi wakimsukuma kutoka bara, huku Waqasimi wakimwinda baharini. Waingereza walipokwenda kuupiga mji wa Ras al-Khaimah mwaka 1809, na tena mwaka 1819, yeye alikuwa upande wao. Huko ndiko alikojionea kazi ya manowari za Kizungu: zilisimama mbali, zikapiga ngome ikaanguka. Katika vita vya maisha yake alipigwa pia risasi ya paja, iliyomfanya achechemee hadi uzeeni.

Merikebu kutoka Bombay

Wakati ule, mtu aliyetaka merikebu nzuri katika Bahari ya Hindi alikwenda Bombay. Pale palikuwa na ukoo wa Wadia, Waparsi ambao walikuwa mafundi wakuu wa gudi la Bombay baba kwa mwana. Walijenga kwa mbao za msaji kutoka Malabar, mti mgumu unaostahimili maji ya chumvi na wadudu. Hata jeshi la majini la Uingereza liliagiza manowari zake kwao. Mojawapo, iitwayo Trincomalee, ilishushwa majini mwaka 1817, na hadi leo inaelea huko Hartlepool, Uingereza, watu wakilipa kiingilio kuitazama. Msaji huo ndio waliotumia kumjengea Said.

Caroline ilikuwa na mizinga 40. Shah Alam ilikuwa na zaidi ya hiyo. Lakini fahari ya zote ilishushwa majini mwaka 1826: manowari ya mizinga 74, ya aina ambayo mataifa makubwa ya Ulaya yalisimamisha katika mstari wa mbele wa vita. Akaiita Liverpool, jina la waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Hakuna mtawala mwingine wa pande hizi aliyekuwa na chombo kama hicho.

Msomaji asidhani kwamba vyombo hivi vilikaa vikingoja vita. Said alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine. Kukiwa na amani, mizinga ilibaki mahali pake na shehena ikapakiwa chini: tende kwenda, mchele kurudi, kisha pembe, kisha karafuu. Manowari moja iliweza kupiga ngome mwaka huu na mwaka unaofuata ikauza kahawa.

Mwezi Januari 1828 alitokea mbele ya Mombasa akiwa na Liverpool na vyombo vingine. Wamazrui waliokuwa wakiushika mji walikubali aweke askari wake katika Ngome ya Yesu. Hawakukaa sana, waliwafukuza, naye ilimbidi kurudi tena na tena mpaka mwaka 1837 alipowamaliza Wamazrui, kwa hila zaidi kuliko kwa baruti. Lakini ni safari ile ya 1828 iliyomfikisha Zanzibar kwa mara ya kwanza. Alipaona, akapapenda. Maji matamu, bandari yenye kina, mvua. Akajenga jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, ufukweni kabisa.

Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1886. Humo anamweleza baba yake akitembea huku na huko katika roshani kubwa ya duara iliyokuwa mbele ya jumba, ameinamisha kichwa, anachechemea, na mbele yake bahari. Palikuwa na darubini pia. Mtu ukiwa na merikebu zako zimetia nanga mbele ya nyumba yako, bila shaka utatoka kuzitazama.

Sifa za wageni

Na wageni walizitazama. Kila nahodha wa Kizungu au wa Kimarekani aliyepita Muscat au Zanzibar aliandika kwao neno juu ya vyombo vya Sayyid. Mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, aliyekuja na kutia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, aliieleza serikali yake kwamba mtu huyu alikuwa na nguvu za majini kuliko watawala wote wenyeji wakijumlishwa pamoja, kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Japani. Sifa kubwa kuliko hiyo sijui kama ipo. Wageni walishangaa zaidi kwa kuwa mwenyewe alivaa kwa urahisi tu, akampokea mgeni mlangoni na kumsindikiza hadi nje. Alichowaonyesha watu kilikuwa bandarini.

Mwezi Septemba 1835 Roberts alirudi na manowari ya Kimarekani iitwayo Peacock kukamilisha mkataba. Usiku ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Wamarekani wakalazimika kutupa baadhi ya mizinga yao baharini ili chombo kielee, huku mashua ndogo ikitangulia Muscat kuomba msaada. Said aliwapelekea Sultana, pamoja na maji na chakula. Hata mizinga iliyotupwa aliagiza itafutwe, ikaopolewa, ikarudishwa kwa wenyewe bila malipo. Ukarimu huo ulizungumzwa Marekani kwa miaka.

Lakini sifa za Wamarekani ziliwakera Waingereza. Mapema mwaka 1834 walimtuma Kapteni Hart na manowari Imogene kwenda Zanzibar kuuliza mkataba huu na Marekani una maana gani. Said akaona hatari. Waingereza ndio waliokuwa wakiishika India, na huko India ndiko vilikotoka vyombo vyake, wafanyabiashara wake na mikopo yake. Wakikasirika, hana pa kuegemea. Hart alipoisifu Liverpool iliyokuwa imetia nanga pale, Said akasema ichukuliwe, ni zawadi kwa mfalme wa Uingereza.

Hapa naomba tusimame kidogo. Kwetu sisi ni adabu kwamba mgeni akisifu kitu chako sana, unamwambia ni chako. Kwa kawaida mgeni mwenye adabu hukataa. Sijui kama Said alitegemea Waingereza wakatae. Hawakukataa. Liverpool ilifika Uingereza mwaka 1836, ikaingizwa katika jeshi lao la majini na kupewa jina jipya, Imaum, kwa kuwa Wazungu walizoea kumwita mwenyewe Imamu wa Muscat. Ajabu ni kwamba Said hakuwahi kuwa imamu. Maibadhi wa Oman hawakumchagua kwa cheo hicho hata siku moja. Merikebu yake ikapata cheo ambacho yeye hakukipata.

Ukweli mwingine usemwe. Chombo cha mizinga 74 kilihitaji mamia ya watu kukiendesha na fedha nyingi kukitunza. Kwa Said kilikuwa mzigo mzuri. Wanahistoria kadhaa wanasema alifurahi kuutua. Mimi nakubaliana nao nusu. Mzigo ungeweza kuuzwa. Alitoa bure kile kilichomfanya asifiwe kuliko vyote, na alikitoa kwa hofu.

Waingereza nao walileta shukrani. Walimpelekea Prince Regent, merikebu ya anasa iliyopambwa ndani kama sebule ya mfalme. Nzuri, hapana shaka. Lakini haikuwa chombo cha vita wala cha kubeba karafuu. Alitoa manowari akapokea chombo cha matembezi, na baada ya miaka michache naye akaitoa zawadi kwa serikali ya Waingereza kule India. Baadaye Malkia Victoria alimpelekea gari la kifalme la kukokotwa na farasi, wakati Zanzibar haikuwa na barabara ya kulipitisha. Na mwaka 1854, Waingereza walipotaka visiwa vya Kuria Muria kwa ajili ya mbolea ya ndege, Said alikataa fedha, akawapa bure. Kilichorudi kilikuwa kisanduku cha ugoro.

Nani alilipa

Turudi kwa Sultana kule New York. Watu walioifurahia kutoka gatini hawakuona vizuri. Mafundi wa serikali walipoikagua walikuta imechakaa na inavuja. Nahodha wake, Mwingereza William Sleeman, alikuwa mlevi. Serikali ya Marekani ikaamua kuitengeneza katika gudi lake la majini bila kudai malipo, ikiwa heshima kwa Said, na waliporudi iliwabidi wapewe nahodha mwingine, mtu wa Philadelphia. Zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren, zikiwamo farasi wawili, lulu, mazulia na upanga wa dhahabu, zilileta kizaazaa, maana katiba yao inamkataza rais kupokea kitu kwa mtawala wa kigeni. Bunge likaruhusu zipokewe kwa niaba ya taifa, na farasi wale wakaishia mnadani. Sultana iliondoka New York mwezi Agosti, ikafika Zanzibar Desemba 1840.

Katika shehena ya kurudi palikuwa na vitambaa vya pamba vya Kimarekani. Wazee wetu walivijua. Ndiyo ile nguo iliyoitwa merikani, ambayo misafara iliibeba mabegani kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Ujiji, kwenye ziwa letu la Tanganyika. Katika miaka hiyohiyo ya 1840 wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wameshafika Ujiji, na mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alikuwa Buganda, mbele ya Kabaka Suna. Mikataba iliyotiwa saini Muscat na vitambaa vilivyofumwa Marekani vilikuwa vimefika kwenye nchi zetu ambazo hazina bahari.

Swali la mwanafunzi wangu basi lina sehemu ya pili, ambayo hakuiuliza. Merikebu zililipiwa na nini? Zililipiwa na ushuru wa forodha ya Zanzibar, ambayo Said aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mkubwa wao Jairam Shivji. Ushuru ulitozwa pembe za ndovu zilizotoka bara, ukatozwa karafuu, ukatozwa watumwa. Karafuu zenyewe, alizozipanda kwa wingi Mtoni na Kizimbani na kuwaamuru wenye mashamba nao wapande, zilichumwa na watumwa. Waliobeba pembe hadi pwani, wengi wao hawakurudi. Kwa hiyo pembe 108 ndani ya Sultana zilikuwa na njia ndefu nyuma yake, na njia hiyo ilianzia kwenye mapori na vijiji vya huku ndani. Mzigo huo watu wa New York hawakuuona, walikuwa wakitazama vilemba.

Sitaki nieleweke vibaya. Wapo wanaomtukuza Said kama mjenzi wa Zanzibar, na ni kweli aliijenga. Wapo wanaomtaja kwa utumwa tu. Hata jambo la utumwa, wale waliomsifu ndio waliombana. Mwaka 1822 Kapteni Moresby alimtilisha saini mkataba wa kukataza kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 balozi Hamerton, aliyekuwa akiishi Zanzibar tangu 1841, akampatia mwingine wa kukataza kuwasafirisha watumwa nje ya himaya yake ya Afrika. Said alitia saini kwa shingo upande. Alijua pato litapungua, alijua pia kwamba kukataa hakuwezi. Mtu ambaye Roberts alimwona hana mfano hadi Japani hakuweza kumwambia hapana balozi mmoja mwenye nyumba Unguja. Na biashara yenyewe haikukoma: ilipozuiwa kwenda ng'ambo, watu walizidi kupelekwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Huku kwetu makali yake tuliyaona baadaye, miaka ya 1880, Rumaliza alipotoka Ujiji na bunduki na Mwami wetu Mwezi Gisabo akamzuia.

Na wako Waafrika waliomshinda akiwa na merikebu zake zote. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, Bwana Mataka alikataa kumtii. Said alipeleka majeshi mwaka 1843, akapeleka tena 1845. Bahari ya Pate ni ya mchanga na mikoko, maji yake ni haba, na chombo kizito hakiwezi kusogea. Askari walishuka kwenye mashua, wakaingia vichakani, na watu wa Siyu wakawapokea huko. Kamanda wake aliuawa, waliosalia wakarudi vyomboni. Siyu haikutwaliwa na Said mpaka anakufa.

Sisi tuliokulia ugenini tunazijua sifa za wenyeji wema. Utaambiwa unaongea Kiswahili kizuri, una heshima, watoto wako safi. Unafurahi, kisha jioni unaangalia sufuria. Labda ndiyo maana simcheki Said kwa gari lile lisilo na barabara. Alikuwa mtawala wa nchi ndogo katikati ya wakubwa, na kila aliposifiwa alijua kuna kitu kitaombwa.

Safari ya mwisho

Mwaka 1854 alikwenda Oman, ambako mambo yalikuwa yameharibika. Alikaa huko zaidi ya miaka miwili. Mwezi Septemba 1856 alipanda manowari yake iitwayo Victoria kurudi Zanzibar, pamoja na mwanawe Barghash. Salme anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba baba yake alipakia mbao chomboni, akaagiza kwamba mtu yeyote akifa safarini asitupwe baharini kama ilivyo desturi, bali maiti yake ihifadhiwe na kufikishwa Zanzibar. Mtoto wa mtu aliyeuawa baharini hakutaka bahari imchukue na yeye.

Njiani aliugua. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa na miaka 65. Mbao zile zikawa jeneza lake.

Zanzibar hawakujua. Nyumba zote za kifalme zilikuwa katika matayarisho ya kumpokea, wake na watoto wakipima nguo mpya na kuhesabu siku. Merikebu zilipoonekana, mwanawe Majid, aliyekuwa akishika nchi kwa niaba ya baba, akatoka kwa mashua kwenda kuwalaki baharini. Wakapishana. Usiku huo Barghash aliishusha maiti kwa siri, akaizika mjini, kisha akajaribu kuliteka jumba ili yeye ndiye awe sultani. Hakufaulu. Kesho yake watu walipata habari ya kifo na habari ya ugomvi kwa pamoja.

Majid akapata Zanzibar, ndugu yao Thuwaini akabaki na Muscat. Mwaka 1859 Thuwaini alikusanya vyombo kuja kumpiga Majid, nao Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka 1861 waliamua kwamba nchi hizo mbili ziachane, Zanzibar ikiilipa Muscat riali 40,000 kila mwaka. Himaya iliyokuwa imeshikanishwa kwa merikebu ikakatwa vipande viwili kwa karatasi.

Ile Liverpool, au Imaum, wakati huo ilikuwa Port Royal, Jamaika. Waingereza walikuwa wameipeleka huko tangu miaka ya 1840, wakaifanya chombo cha kupokelea mabaharia, imefungwa pale pale, haiendi popote. Ilivunjwa katika miaka ya 1860, katika kisiwa ambacho wenyeji wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko kwa merikebu.

Barghash alikuja kuupata usultani mwaka 1870, baada ya Majid kufariki. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka shamba baada ya shamba, na merikebu za Sultani zilizokuwa zimetia nanga mbele ya mji zikakatika nanga, zikatupwa ufukweni na kuvunjika.